Canter ya zamani, breki za mbele hazifanani kushoto na kulia. Fundi anasema "mradi zimeingia". Mnasemaje?

#1 MzigoWaMwika
Wakuu, habari za jioni. Nina Canter ya injini ya 4D33, ya miaka ya tisini, niliinunua kwa mtu hapa Moshi ikiwa imeshapita mikono mingi. Kazi yake ni ndizi, soko la Mwika kwenda Kilombero, Arusha. Ukikanyaga breki inavuta kushoto. Ikiwa tupu inavumilika. Ikiwa na mzigo, kuteremka kutoka Marangu kuja Himo, dereva anapigana na usukani.

Jana tumefungua mbele, kushoto na kulia, na hakuna kinachofanana. Wili silinda (zile zinazosukuma viatu vya breki) za kushoto zimeandikwa inchi 1-1/8, za kulia 1-1/4. Lainingi, zile zinazosugua dramu, za kushoto ni nyeusi, zimepigwa ribiti. Za kulia ni za kahawia, zimegundishwa. Dramu ya kulia imekerezwa, ya kushoto inaonekana haijawahi kuguswa. Mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta kwenye tairi, yote ni ya zamani.

Fundi wangu anasema hakuna neno, mafuta yanasukuma sawa pande zote, spea ikishaingia imeingia, tukaze tu adjasta ya kulia. Roho yangu inakataa. Juu ya zile ndizi wanapanda akina mama wanaokwenda sokoni. Nani yuko sahihi?

#2 Chalii_wa_Sakina
Badilisha fundi kwanza, breki baadaye.

#3 Bonde_la_Vitunguu
Kwanza hao akina mama washuke leo leo, wapande Coaster. Hilo halisubiri majibu ya uzi.

Mimi nimeendesha Fuso ya vitunguu kutoka Mang'ola. Ule mteremko wa kuja Mto wa Mbu unakuonyesha breki ilivyo kweli. Gari yetu ilikuwa na lainingi za aina mbili kama zako. Asubuhi breki ikiwa baridi ilikuwa inavuta upande mmoja, ukifika chini dramu zimechemka inavuta upande wa pili. Tulibadilisha viatu vyote vya mbele, boksi moja, ikaisha. Kwa hiyo mimi nasema lainingi.

#4 Venia_Mkononi
Mkuu #1, fundi wako ana nusu ya ukweli. Presha ya mafuta ni moja kila mahali, hilo lilishasemwa na mwanasayansi Pascal. Lakini kinachosukuma kiatu ni presha mara eneo la pistoni. Pistoni ikiwa kubwa, msukumo ni mkubwa. Wili silinda zako zina vipenyo tofauti, maana yake unakanyaga pedali moja lakini gari inapata amri mbili.

#5 KirwaMtoni
Ni kweli #4, ila tusimtishe mwenzetu. 1-1/4 kwa 1-1/8 ni kama asilimia 11 tu. Hiyo adjasta inaweza kuifidia.

#6 Venia_Mkononi
Hapana #5. Asilimia 11 ni kipenyo. Eneo ni kipenyo mara kipenyo. Kwa milimita, 31.75 mara 31.75 unapata 1008. 28.57 mara 28.57 unapata 816. Gawanya, ni zaidi ya asilimia 23. Upande mmoja una nguvu karibu robo nzima zaidi.

Na adjasta haiongezi nguvu wala haipunguzi. Inasogeza kiatu karibu na dramu ili pedali isiende mbali. Ukiikaza kupita kiasi kiatu kinasugua muda wote, dramu inachemka, na hapo ndipo breki inapokufia mteremkoni.

#7 KirwaMtoni
Nimekubali hesabu, asante.

#8 BintiWaPasua
Jamani subirini kidogo. Silinda kubwa iko KULIA. Gari inavuta KUSHOTO. Kama hesabu ya #6 ndiyo sababu, si ingevuta kulia?

#9 Chalii_wa_Sakina
Aisee! Binti amewafunga wote.

#10 Venia_Mkononi
Swali zuri sana #8. Hesabu iko palepale, kwa hiyo upande wa kulia kuna kitu kinachokula hiyo nguvu yote ya ziada na zaidi. Mleta uzi, zile lainingi zina maandishi ubavuni? Tafuta herufi mbili za mwisho: EE, FF, GE, kitu kama hicho. Ya kwanza ni mkwaruzo breki ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kulia ukikuta EE na kushoto FF, umepata jibu, na maelezo ya #3 yanaingia hapohapo.

#11 MzigoWaMwika
Kushoto nimeona FF. Kulia hakuna maandishi yoyote, pamefutika au hayakuwepo.

#12 Bonde_la_Vitunguu
Nilisema lainingi.

#13 Fundi_UngaLtd
Mimi ni fundi na nataka kuwatetea mafundi kidogo. Mteja anakuja na spea mkononi kwenye mfuko wa nailoni, ameinunua bila kuuliza namba ya chesisi, anataka gari jioni hiyohiyo. Ukimwambia silinda hii si yenyewe, anakwenda gereji ya pili na inafungwa. Kesho ikigonga, jina linaloharibika ni la fundi.

Sasa kuhusu hiyo Canter. Nimewahi kukuta gari ambayo silinda kubwa iliwekwa kwa makusudi. Upande ule breki ilikuwa dhaifu, mtu badala ya kutafuta ugonjwa akaongeza ukubwa wa silinda ili nguvu ifanane. Usishangae na yako ikawa hivyo. Silinda ya 1-1/4 inaweza kuwa dawa ya mtu fulani wa zamani, na ugonjwa wenyewe bado upo.

#14 BintiWaPasua
#13 hii imenigusa. Ina maana akiweka silinda sawa bila kutibu huo ugonjwa, itavuta kushoto zaidi ya sasa!

#15 Fundi_UngaLtd
Ndiyo hatari yenyewe, dada. Na ugonjwa ninaoushuku ni mpira wa breki wa kulia. Mpira wa zamani kwa nje unaonekana mzima, ndani umevimba. Mafuta yanapita kwa shida, upande ule unachelewa kushika na unachelewa kuachia. Apime hivi: akanyage breki, aachie, mwenzake azungushe tairi ya kulia ikiwa juu ya jeki. Ikiwa nzito kwanza, halafu baada ya muda ikalegea yenyewe, ni mpira.

#16 Mangi_Usafirishaji
Mnazunguka sana. Mimi kwenye Scania nilikuwa na tatizo hilohilo, chemba za breki upande mmoja 30, upande mwingine 24. Badilisha chemba zifanane, basi.

#17 KirwaMtoni
Mangi, Canter haina chemba za upepo, ni mafuta na busta. Ila mfano wako unafaa: 24 na 30 ni inchi za mraba. Kwa presha ya psi 100 (pauni kwa inchi ya mraba), chemba moja inasukuma pauni 2,400 na nyingine 3,000. Mambo ni yaleyale.

#18 Mangi_Usafirishaji
Sawa, sawa. Nimeleta uzoefu tu.

#19 Kiboriloni_Spea
Mna uhakika kuwa ni breki? Canter za zamani springi za mbele boliti ya katikati inakatika, ekseli inasogea ukikanyaga breki, gari inageuka yenyewe. Au kingpini, zile pini zinazogeuzia tairi za mbele, zimelika. Au tairi mbili za mbele hazilingani, moja mpya na moja imeisha, upepo tofauti. Pima umbali kutoka tundu la chesisi hadi ekseli pande zote mbili, kwa tepu, dakika chache tu. Watu wanamaliza hela kwenye silinda kumbe ekseli imekaa mshazari.

#20 MzigoWaMwika
#19 tumepima kwa tepu asubuhi hii, pande zote ziko sawa. Tairi ziko sawa. Kingpini ya kulia ina mchezo kidogo.

#21 Kiboriloni_Spea
"Kidogo" ya Moshi hiyo naijua.

#22 Chalii_wa_Sakina
Huku Arusha tungesema imekufa.

#23 Babu_wa_Sahani
Vijana, hakuna aliyeuliza zile sahani za nyuma ya breki, zinazobeba silinda na viatu, zimefungwaje. Canter nyingi za aina hiyo mbele zina silinda mbili kila tairi, ili viatu vyote viwili viongoze gari ikienda mbele. Kiatu kinachoongoza kinavutwa na dramu yenyewe, kinajibana zaidi ya pale mafuta yalipokisukuma. Sasa mtu akibadilisha sahani nzima na kuleta ya kushoto akaifunga kulia, viatu vyote viwili vinageuka kufuata badala ya kuongoza. Breki ya upande huo inakuwa hafifu mbele, kali kinyumenyume. Hata ukiweka silinda ya 1-1/4 hapo, bado utakuwa nyuma.

Jaribio lake: uwanja tambarare, gari tupu, weka rivasi, nenda pole, kanyaga. Kama mbele inavuta kushoto na kinyumenyume inavuta kulia, angalia sahani.

#24 Venia_Mkononi
Shikamoo mzee. Nyongeza ndogo: zipo gari ambazo kila silinda ina pistoni pande zote mbili, hizo zinaongoza mbele na nyuma, na kwa hizo kugeuza sahani hakutaonekana kwenye jaribio lako. Mleta uzi ahesabu pistoni kwanza.

#25 Babu_wa_Sahani
Marahaba. Ni kweli, ahesabu.

#26 MzigoWaMwika
Nimehesabu. Pistoni moja kila silinda. Rivasi tumejaribu uwanjani, dereva anasema inavuta kulia "kama kidogo", tandiboi anasema haivuti popote. Mimi nilikuwa nje nikaona imenyooka.

#27 Chalii_wa_Sakina
Mashahidi watatu, kesi imeahirishwa.

#28 Mama_Fuso
Nina gari mbili za mchanga hapa Arusha, naongea kwa kuumizwa. Gari ikishachanganywa spea na watu wengi, kufuatilia kimoja kimoja ni kumpa fundi mshahara wa kila wiki. Mimi nilinunua ekseli ya mbele kamili kutoka gari iliyochinjwa, ikiwa na sahani, dramu, silinda na viatu vyake. Tukaosha, tukaweka raba mpya, ikafungwa. Haijanisumbua tena.

#29 Fundi_UngaLtd
Mama, ulibahatika. Ekseli ya kuchinja nayo inatoka kwa watu. Dramu zake lazima uzipime. Kwenye dramu kuna maandishi MAX DIA na namba. Tuseme ni ya 320 na mwisho wake ni 322. Ukikuta imeshafika 323 hiyo ni chuma chakavu, hata kama inang'aa. Na dramu moja ikiwa imekerezwa na nyingine haijakerezwa, kiatu kipya kinagusa katikati tu kwenye ile kubwa, ncha hazigusi. Ya #1 imekerezwa kulia, upande uleule dhaifu. Hilo nalo msilipite.

#30 Mama_Fuso
Tulipima. Si kila mwanamke mwenye gari anadanganywa.

#31 Fundi_UngaLtd
Sikumaanisha hivyo mama, samahani. Nilikuwa namwambia mleta uzi.

#32 Njiapanda_ya_Himo
Nauliza tofauti kidogo. Nikifungua silinda raba nazioshea petroli kisha napaka grisi kidogo. Kuna ubaya?

#33 Venia_Mkononi
Ubaya mkubwa! Petroli, dizeli, grisi ya kawaida na oili ya injini zinavimbisha raba za breki. Ikivimba pistoni hairudi. Osha kwa mafuta ya breki yenyewe au spiriti. Hata chupa uliyowekea oili ya injini usiitumie kubebea mafuta ya breki.

#34 KirwaMtoni
Na usichanganye mafuta ya breki ya DOT 3 na ya DOT 5 wala 5.1, hizo ni za silikoni.

#35 Venia_Mkononi
DOT 5 ndiyo silikoni, hiyo usichanganye na chochote. DOT 5.1 ni jamii moja na 3 na 4, zinachanganyika. Kwa mteremko wa Marangu mimi ningeweka DOT 4: ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, DOT 3 ni 205. Ikishanyonya unyevu zote zinashuka sana, DOT 3 hadi 140. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi dukani mwaka mzima usiinunue kwa sababu ni rahisi.

#36 Bonde_la_Vitunguu
Na vumbi la breki msilipulize kwa kompresa. Gari za miaka hiyo lainingi nyingi zilikuwa na asbesto, Japani yenyewe ilikuja kupiga marufuku mwaka 2004. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa. Namjua mzee alipuliza maisha yake yote, sasa hivi kupanda ngazi moja ni shida. Sisemi ni hilo lilimfanya, ila sitaki mtoto wangu asimame pale.

#37 Chalii_wa_Sakina
Nati za tairi za kushoto kwenye hizi Canter mbona zinagoma? Jana tumevunja spana.

#38 Kiboriloni_Spea
Kama zimeandikwa L zinafunguka kinyume, chalii. Mlikuwa mnazikaza.

#39 BintiWaPasua
Hahaha. Turudi kwenye mada. Mleta uzi umeamua nini?

#40 MzigoWaMwika
Nashukuruni wote. Mrejesho ni huu. Akina mama wanapanda Coaster tangu siku ile, na gari haikubeba mpaka ilipofungwa upya. Mpira wa breki wa kulia tumeupima kama alivyosema #15: tairi ilikuwa nzito, baadaye ikalegea. Tukaukata kwa kisu, ndani tundu limeziba, sindano inapita kwa shida. Nimebadilisha mipira yote miwili, silinda zote nne sasa ni 1-1/8 kwa namba ya chesisi, na viatu vya mbele boksi moja, FF. Dramu ya kulia imepimwa, imebaki kidogo ifike mwisho, nimeiacha kwa sasa. Sahani nazo tumeangalia, fundi anasema ziko sawa, L iko kushoto na R iko kulia.

Tumeshuka Marangu na mzigo nusu. Kushoto haivuti tena. Lakini ukigusa pedali kidogo, taratibu, inaelekea kulia. Ukikanyaga kwa nguvu inanyooka.

#41 Fundi_UngaLtd
Mpira! Si nilisema.

#42 Bonde_la_Vitunguu
Si na lainingi zimebadilishwa siku hiyohiyo? Mpira unachelewesha tu kushika, ukishikilia pedali presha inafika. Teremko la Marangu unashikilia pedali muda mrefu, sasa mpira ungevutaje njia nzima?

#43 Fundi_UngaLtd
Mteremkoni dereva mzuri hashikilii, anakanyaga na kuachia. Kila akikanyaga, kulia inachelewa.

#44 Venia_Mkononi
Tatizo umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Ungeanza na mipira peke yake, ukajaribu, tungejua.

#45 MzigoWaMwika
Mkuu, ndizi zikikaa zinaiva. Na sikutaka kuijaribu gari mlimani ikiwa nusu nimeirekebisha, ina dereva ndani.

#46 Mama_Fuso
Umefanya sawa kabisa. Kujua sababu ni kuzuri, mtu kurudi nyumbani ni kuzuri zaidi.

#47 Babu_wa_Sahani
Hizo herufi L na R alizoziona fundi ziko kwenye sahani au kwenye silinda? Silinda zina alama zake, sahani ni kitu kingine. Mimi bado sijaridhika.

#48 Kiboriloni_Spea
Na ile kingpini bado ina mchezo. Kuvuta kulia kwa pedali nyepesi naiona kingpini.

#49 KirwaMtoni
Au viatu vya kulia bado havijakaa kwenye dramu iliyokerezwa. Mpe muda vijisugue, asikaze adjasta mapema. Nyuma je, kuna ile valvu ya mzigo, inayopunguza breki za nyuma gari ikiwa tupu, iliyofungwa kwenye ekseli kwa fimbo? Wengi wameifunga kwa waya.

#50 MzigoWaMwika
#47 nitauliza, nadhani aliziona kwenye silinda. #49 nyuma hatujafungua. Jumapili gari inalala, tutafungua nyuma na kingpini kwa pamoja.

#51 Njiapanda_ya_Himo
Wakuu, Dyna yangu nayo inavuta, ila hadi nikanyage mara ya pili, ya kwanza inashuka chini. Nifungue uzi mpya au niendelee hapa?

#52 Fundi_UngaLtd
Endelea hapa. Ile grisi uliyopaka raba ilikuwa ya silinda zipi, za mbele au za nyuma?